Mgonjwa Anatibiwa Kochi: Tukae Mtaa Gani, na Je, Visiwani Ni Salama?

Swali:

"Ninaishi Tanga. Mwezi wa Julai nitamsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, kwenda Kochi, jimbo la Kerala, India, kufanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo katika hospitali iliyoko upande wa Edappally. Tumeambiwa tujiandae kukaa kama wiki sita. Binamu yangu aliyewahi kutembea huko anasema tupange Fort Kochi, kwa kuwa ndiko Kochi yenyewe, kuna nyumba nzuri za wageni na upepo wa bahari. Dalali mmoja naye amenitumia picha za nyumba ya bei nafuu katika kisiwa cha Vypin. Mimi nina hofu. Nimesikia mji wote ni visiwa, watu husafiri kwa boti, na mwaka 2018 ulifunikwa na maji. Mama akizidiwa usiku wa manane nitampakia kwenye boti? Na mvua za Julai je? Naomba ushauri wa mtu anayeujua mji huo."

Jibu:

Dada yangu, pole kwa kuuguliwa, na umefanya vyema kuuliza kabla hujatoa fedha. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu: kwa wiki zote za matibabu kaeni bara, upande uleule wa maji iliko hospitali, na ikiwezekana katika mitaa inayopitiwa na treni ya metro kati ya Kaloor na Kalamassery. Fort Kochi na Vypin si mahali pabaya, na wala si hatari kwa namna unayoidhania. Ila swali lako limebeba hofu mbili, ya boti na ya mafuriko, likaacha jambo la tatu ambalo kwa mgonjwa wa moyo ndilo zito kuliko yote mawili: je, kati ya kitanda cha mama na lango la hospitali kuna madaraja mangapi, na yanakuwaje saa ya msongamano?

Binamu yako hakosei sana anaposema Fort Kochi ndiko Kochi yenyewe, lakini anasema habari za zamani. Jiji la leo liliundwa tarehe 1 Novemba 1967 kwa kuunganisha manispaa tatu, yaani Fort Kochi, Mattancherry na Ernakulam, pamoja na kisiwa cha Willingdon na vijiji kadhaa vya pembeni, Edappally kikiwa kimojawapo. Fort Kochi ndiko Wareno walikojenga ngome mwaka 1503, Waholanzi wakaiteka mwaka 1663, na Waingereza wakafuata mwaka 1795. Vasco da Gama, yuleyule aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498, alifia katika mji huo mwaka 1524 na akazikwa katika kanisa ambalo bado limesimama, ingawa mabaki yake yalihamishiwa Ureno baadaye. Ndiyo maana watalii wote huelekea huko na picha zote hupigwa huko. Lakini mahakama kuu, stesheni kuu za reli, hospitali kubwa na maduka makubwa viko Ernakulam, ng'ambo ya bandari, na mji umekuwa ukitanuka kuelekea kaskazini na mashariki, mbali na bahari. Hata uwanja wa ndege, ambao zamani ulikuwa katika kisiwa cha Willingdon, tangu mwaka 1999 uko Nedumbassery, karibu kilomita 30 kaskazini ya katikati ya mji. Mtakapotua mtaifikia Edappally kabla ya kufika Ernakulam, bila kukaribia bandari.

Ili uelewe visiwa hivyo, ni vizuri ujue maji yenyewe yalivyokaa. Nyuma ya pwani ya Kerala kuna ziwa refu liitwalo Vembanad, lenye urefu wa takriban kilomita 96, ambalo hupokea mito kutoka milimani na limetenganishwa na Bahari ya Arabu kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Kochi iko pale ukanda huo unapokatika na kuacha mlango. Upande wa kusini wa mlango ndipo Fort Kochi na Mattancherry, ambazo si kisiwa kama wengi wanavyodhani, bali ni ncha ya ukanda unaoendelea kusini. Upande wa kaskazini ndipo Vypin. Ndani ya mlango kuna Willingdon, Vallarpadam, Mulavukad (ambacho ncha yake ya kusini huitwa Bolgatty) na vingine vidogo, kisha ndipo bara, yaani Ernakulam. Wenyeji husimulia kwamba mlango huo ulipanuliwa na gharika la mto Periyar la mwaka 1341, gharika ambalo pia liliiziba bandari ya kale ya Muziris upande wa kaskazini na kuirundika ardhi ya Vypin kwa tope na mchanga.

Mlango ulikuwapo, lakini meli kubwa hazikuweza kupita, kwa sababu fungu la mchanga liliukaba. Zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwa mashua, na ulipofika msimu wa pepo za kusini-magharibi kazi ya bandari karibu isimame. Sisi watu wa pwani pepo hizo tunazijua kwa jina la kusi. Zilizowapeleka mabaharia wetu India mwanzoni mwa msimu ndizo zinazoipiga pwani ya Kerala kwa mawimbi na mvua zinapokolea mwezi wa Juni na Julai. Mhandisi Mwingereza Robert Bristow aliwasili mwaka 1920, akalichimba fungu hilo, na kufikia mwishoni mwa muongo huo meli kubwa zilikuwa zinaingia ndani. Mchanga uliochimbwa haukutupwa. Ulirundikwa kuzunguka kisiwa kidogo cha Venduruthy, na hivyo kikazaliwa kisiwa cha Willingdon, kilichopewa jina la gavana mkuu wa wakati huo. Hadi leo mlango huo huchimbwa mara kwa mara, maana bahari na mito haviachi kuleta mchanga na tope.

Sasa tuje kwenye boti. Hofu yako ingekuwa na msingi kamili miaka ya nyuma. Mtu wa Vypin aliyeugua usiku alimtegemea mwenye mashua, na wakazi walilalamika kwa miaka mingi mpaka madaraja ya Goshree yalipofunguliwa mwaka 2004 yakaunganisha Ernakulam, Bolgatty, Vallarpadam na Vypin kwa barabara. Willingdon nayo ina madaraja upande wa bara na upande wa Mattancherry tangu wakati wa ukoloni. Kwa hiyo gari la wagonjwa linafika Fort Kochi na linafika Vypin saa yoyote, na hakuna mtu atakayekulazimisha umpakie mama kwenye boti. Vipo bado visiwa vidogo ambavyo wakazi wake hutegemea mashua au vivuko vyembamba, hasa katika kundi la Kadamakkudy, kwenye mashamba ya mpunga unaostahimili chumvi ambayo sehemu ya mwaka hugeuzwa kuwa mabwawa ya kamba. Ni pazuri mno kutazama, lakini si pa kumweka mgonjwa.

Tatizo la madaraja ni kwamba ni machache, na kila mtu anayapitia. Kutoka Fort Kochi hadi Edappally kwa barabara ni kati ya kilomita 15 na 20, lakini kilomita hizo zinapita Thoppumpady, zinavuka maji kuingia Willingdon, zinavuka tena kuingia bara, kisha zinakatiza Ernakulam yote kutoka kusini hadi kaskazini. Alfajiri utafika upesi. Saa tatu asubuhi, wakati ambapo kliniki nyingi zinaanza, jiandae kwa saa nzima au zaidi. Ipo njia ya pili: pantoni ya kubeba magari inayovuka mlango wa bandari kutoka Fort Kochi hadi ncha ya Vypin, kazi ileile ya pantoni za Kigamboni na Likoni, kisha madaraja ya Goshree. Inafupisha safari, ila ina foleni yake, na pantoni ikiharibika njia hiyo imefungwa kwako. Zipo pia boti za Water Metro, ambazo ni za umeme, zilizoundwa katika karakana ya meli ya Kochi na kuzinduliwa Aprili 2023. Kwenda Fort Kochi zilianza mwaka uliofuata. Ni safi, zina kiyoyozi, na gati zake huelea, hivyo sakafu ya gati hubaki sawa na ya boti maji yakijaa au yakipwa, na kiti cha magurudumu huingia bila kuinuliwa. Lakini hazitembei usiku kucha, na zinakufikisha ukingoni mwa Ernakulam tu. Kutoka hapo bado unahitaji gari au metro.

Kwa hiyo kuhusu Fort Kochi nasema hivi: kwa mtu mzima anayekwenda kutembea, binamu yako ameshauri vizuri. Kwa mama atakayehitaji kurudi hospitali mara kwa mara kupimwa damu na kuangaliwa kidonda, hapana. Mgonjwa aliyepasuliwa kifua hachoshwi na maradhi peke yake. Kuketi ndani ya bajaji ikirukaruka kwenye matuta kwa saa nzima, huku amekumbatia mto kifuani, ni adhabu.

Kuhusu Vypin, mwulize dalali swali moja kabla ya yote: Vypin ipi? Kisiwa hicho kina urefu wa takriban kilomita 25, na uti wake wa mgongo ni barabara kuu moja inayopita katikati ya makazi yaliyobanana. Nyumba iliyoko ncha ya kusini, karibu na madaraja, ina safari ya kuvumilika kwenda Edappally. Nyumba iliyoko Cherai au Munambam, kaskazini kabisa, ni jambo jingine, hata kama tangazo lote limeandikwa Vypin na picha zinaonyesha minazi ileile. Bei yake nafuu ina sababu. Maji ya kunywa yamekuwa kilio cha kisiwa hicho kwa miaka mingi, kwa kuwa visima vingi vina chumvi na wakazi hutegemea mabomba yanayoleta maji kutoka bara, ambayo hayatoki kila siku wala kwa nguvu ya kutosha. Kwa nyumba yenye kidonda kipya cha upasuaji, maji safi ya kuoga na kunawa si anasa. Upande wa baharini nao, mawimbi ya Julai hupiga karibu mno na baadhi ya nyumba. Ikiwa fedha ni ngumu kiasi kwamba Vypin ndiyo pekee mnayoimudu, basi chagueni kusini, si zaidi ya kilomita chache kutoka madarajani, katika nyumba yenye tangi kubwa la maji.

Willingdon siitazami kwa kirefu: ni kisiwa cha bandari, jeshi la majini, ofisi na hoteli chache, na ukitaka dawa au mboga jioni itakubidi utoke. Vallarpadam ni makontena. Gati lake linaendeshwa na kampuni ileile ya Dubai iliyokabidhiwa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Kakkanad, mashariki, kuna nyumba nyingi mpya za ghorofa zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kompyuta, na bei si mbaya. Lakini mwezi wa Machi 2023 jalala la Brahmapuram lililoko upande huo liliungua kwa siku nyingi na moshi ukatanda juu ya mji. Mvua za Julai hazina hatari hiyo. Mkirudi kwa uchunguzi wakati wa kiangazi, ulizia. Maradu, kusini mashariki, utaiona ikitangazwa kwa mandhari ya maji. Ndiko magorofa kadhaa yaliyojengwa kinyume cha sheria za ukanda wa pwani yalikobomolewa kwa baruti Januari 2020 kwa amri ya Mahakama Kuu Zaidi ya India. Aliyebaki na nyumba halali huko hana kosa, ila iko mbali nanyi bure.

Tunabaki na bara la kaskazini: Edappally yenyewe, Palarivattom, Kaloor na Kalamassery. Sitakudanganya kwamba mtapapenda. Makutano ya Edappally yana kelele na magari, duka kubwa la Lulu lililofunguliwa mwaka 2013 limeongeza foleni, mbu ni wengi, na mandhari hakuna. Faida zake ni za mgonjwa. Metro iliyoanza mwaka 2017 inapita juu ya foleni hiyo, ina lifti na mabehewa ya baridi. Maduka ya dawa yako jirani, na familia zinazouguza zimezoeleka, hivyo utapata vyumba vyenye jiko vinavyopangishwa kwa wiki au mwezi. Jambo hilo la jiko si dogo. Samaki, nazi na wali vinapatikana kila mahali, na mama atapikiwa anachokijua, bila chumvi kama daktari atakavyoagiza. Tafuteni chumba cha chini au jengo lenye lifti na jenereta, kwa kuwa umeme hukatika mvua zikikolea.

Nimeiacha mvua mwisho kwa sababu inahitaji utulivu. Kochi hupata takriban milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Tanga, na sehemu kubwa humwagika kati ya Juni na Septemba. Hata hivyo, yaliyotokea Agosti 2018 hayakuwa bahari kupanda. Mvua isiyo ya kawaida ilinyesha milimani, mabwawa yakajaa, milango yake ikafunguliwa, na mto Periyar ukafurika. Walioumia zaidi katika eneo hili walikuwa wakazi wa kandokando ya mto, hasa Aluva na Paravur, pamoja na uwanja wa ndege, uliofungwa tangu tarehe 15 hadi 29 ya mwezi huo. Jimboni kote walikufa watu zaidi ya 400. Katikati ya Ernakulam palilowa, lakini hapakuzama. Kwa hiyo utaona kwamba kipimo cha usalama si kisiwa au bara; ni umbali wa nyumba kutoka mtoni na mwinuko wa ardhi iliposimama.

Mafuriko ya kila mwaka ni ya namna nyingine, nayo ndiyo mtakayokutana nayo. Kwetu Tanga, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita meta 3. Kochi ni kama meta 1 tu. Hiyo ndiyo iliyoruhusu watu kujenga hadi ukingoni kabisa mwa maji, lakini ndiyo pia inayoinyima mifereji mteremko: ardhi ni tambarare, maji ya bahari hayashuki vya kutosha kuvuta ya nchi kavu, na mifereji ya zamani imebanwa na majengo na kujaa taka. Mvua kubwa ikinyesha wakati maji yamejaa, hayana pa kwenda, na barabara kama M.G. Road, pamoja na mitaa ya chini ya Kaloor na Edappally, hugeuka vidimbwi hadi magotini. Kwa kawaida hupungua baada ya saa kadhaa. Basi mwulize mwenye nyumba, na baada yake mwulize mwenye duka la jirani ambaye hana cha kuuza kwako: mwaka jana maji yalifika wapi katika kichochoro hiki? Na usitembee katika maji hayo ukiwa na jeraha mguuni. Homa ya mgunda, ambayo Watanzania wengi waliisikia kwa mara ya kwanza ilipozuka Lindi mwaka 2022, inafahamika sana Kerala na huongezeka kila baada ya mafuriko.

Pengine utajiuliza kama ni bora kuahirisha safari hadi mvua zipite. Hilo sina mamlaka ya kulijibu, wala mji hauna. Ni la daktari wa moyo anayemwona mama sasa. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mizuri ya Kochi, lakini valvu iliyochoka haifuati kalenda ya mvua. Akisema msisubiri, nendeni Julai bila wasiwasi wa ziada. Hospitali za huko zimezoea masika kuliko sisi.

Yapo mambo ambayo ushauri wa mbali hauwezi kuyamaliza. Kabla ya kulipa kodi ya wiki sita, pangeni siku tatu au nne za kwanza katika hoteli au nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, kisha nenda ukaione nyumba kwa macho yako, fungua bomba, panda ngazi ukihesabu pumzi za mama, na safiri kutoka hapo hadi hospitalini saa ya foleni. Hospitali kubwa zote za Kochi zina dawati la wagonjwa wa kigeni. Waulize nyumba wanazozijua, na muulize daktari wa upasuaji, si dalali, mama anaruhusiwa kukaa umbali wa dakika ngapi baada ya kutoka wodini. Hakikisha pia mwenye nyumba yuko tayari kuwasajili serikalini kama wageni, kwa kuwa sheria inamtaka afanye hivyo ndani ya saa 24 tangu mfike. Anayekwepa atawaletea matatizo ya viza. Mama akibanwa kifua au pumzi, akipata homa, kidonda kikitoa maji, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, usinipigie mimi wala binamu: piga 108, namba ya magari ya wagonjwa ya Kerala, au mpeleke moja kwa moja.

Daktari atakapomruhusu kutembea, mpandishe metro hadi karibu na Mahakama Kuu, kisha Water Metro hadi Fort Kochi asubuhi ambayo haina mvua. Mattancherry ataona majina ya maduka ya Wakachi na Wagujarati atakayodhani ni ya Tanga. Rudini kabla ya saa kumi jioni, foleni haijaanza.